Dume la Mzee Wario

Upepo wa Burat, hapa Isiolo, hauna adabu. Mtu akilalamika kwamba ulimvua kofia, mwambie ashukuru, maana ule wa mwezi wa pili ulivua kanisa zima. Ulikuja mchana, jua likiwaka, watu wako shambani na wengine sokoni. Ukaingia chini ya mabati upande wa kambi ya jeshi, ukayainua kidogo kama mama anavyofunua sufuria kuangalia kama githeri imeiva. Halafu ni kama uliona hakuna githeri, ukakasirika. Mabati yakaenda, mbao zikavunjika kama kuni, na kanisa likabaki kuta na mbingu.

Hakuna mtu aliumia, na hiyo peke yake ingetosha ibada ya shukrani. Mabati yaliangukia boma la mzee Wario, Mborana Mwislamu mwenye ng'ombe na mbuzi, ambaye ua wake umepakana na ua wa kanisa. Mbuzi wake walitimua mbio mpaka karibu na mto. Pasta Wainaina alienda kwake akiwa amejipanga kuomba msamaha, akakuta mzee na vijana wake wanapanga yale mabati moja juu ya lingine. Yaliyojikunja walikuwa wanayanyoosha kwa mawe. Wario akamwambia pasta kwamba mabati ni kama mgeni, haya yameingia bila hodi lakini huwezi kumfukuza mgeni. Kesho yake yakarudi kanisani kwa mkokoteni wa punda.

Mbao pia zilipatikana. Washirika wengi wa hapo ni Wameru, na nyumbani juu milimani kila mtu ako na miti pembeni ya shamba. Huyu akakata wake, yule akakata wake, lori la kubeba mchanga likarudi Isiolo na mbao badala ya kurudi tupu.

Shida ilikuwa kuta. Zile kuta ni za matofali ya udongo ambayo hayakuchomwa. Wazee wa zamani waliyafinyanga kwa mikono, wakayakausha kwa jua, wakajenga. Tofali kama hilo likiwa na paa juu yake linaweza kudumu mpaka likuzike wewe na watoto wako. Likivuliwa paa, mvua moja nzuri tu inalirudisha kuwa tope. Na mvua ya mwezi wa nne ilikuwa njiani.

Kwa hivyo kukaitwa mkutano, hapo hapo kwa jua, watu wamejifunika leso na magazeti. Wazee wa kanisa wakasema maneno ya busara. Kwamba vijana wenye nguvu wako Nairobi ama kwa miraa. Kwamba fremu za paa ni nzito na hakuna wa kuziinua. Kwamba kanisa la town liko wazi, lina viti, lina kipaza sauti, waende huko wajiunge na wenzao, hizi kuta ziachwe zianguke kwa amani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata pasta aliitikia, ingawa alikuwa anaangalia viatu vyake.

Shosho Kiende peke yake hakuitikia. Alikuwa amekaa kwa kiti chake cha miguu mifupi, mgongo umeegemea ukuta.

"Nendeni," akasema. "Mimi nitabaki na ukuta wangu. Tumezoeana."

Watu wakacheka. Mworia hakucheka. Mworia ni mjukuu wake, yule aliyelelewa na yeye tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ni kijana wa boda boda, aliacha shule mapema kwa sababu kukaa chini kulimuuma kuliko kiboko. Kanisani alikuwa anakuja kwa sababu ya shosho tu, na mara nyingi mahubiri yakianza alikuwa anatoka nje kuangalia pikipiki kama bado iko. Lakini kitu kimoja alikijua vizuri kuliko wazee wote. Kutoka kwa nyumba yao mpaka hapo kanisani, shosho alikuwa anatembea mwenyewe na fimbo yake, polepole, akisalimia kila mlango. Town hangefika. Magoti yake hayakubali pikipiki, na barabara ya Burat inamtingisha mtu mpaka meno. Kanisa likienda town, shosho ataingia ndani ya nyumba, na siku ya kutoka atatoka amebebwa.

Mworia akasimama. Watu wakashangaa, maana hajawahi kusimama kwa mkutano isipokuwa kwenda zake.

"Mnaongea kama watu walioshiba," akasema. "Wale hawawezi kufika town, mnawaachia nani? Mimi nitaleta watu wa kuinua hizo mbao. Nipeni Jumamosi."

Akakaa. Hakuwa na mtu hata mmoja.

Jioni hiyo akaenda kwa Wario, maana hakujua kwingine. Hata hakumaliza kueleza. Wario akamkatiza na kumwambia vijana wake watakuja, wa boma na wa kule malishoni, na wale wa stage ya boda awaambie mwenyewe. Mworia alirudi nyumbani anaendesha pikipiki akiimba, kitu ambacho hakifanyi akiwa na akili timamu.

Ijumaa jua likienda kuzama, Wario akatokea kwa ua wa kanisa anavuta dume la ng'ombe, jekundu, shingo nene, limenona kweli kweli. Akalifunga kwa mti.

"Watu hawainui mbao na chai ya rangi," akasema. "Kesho." Akaenda zake.

Sasa hiyo "kesho" ilikuwa na maneno mengi ndani. Mtu wa Isiolo haelezwi. Hapa ukiwa na harusi, matanga, sherehe yoyote, hata kama ni ya pasta mwenyewe, unamwita jirani Mwislamu ashike kisu. Anasema Bismillahi, anakata, na kuanzia hapo sufuria ni moja na watu wote wanakula. Mtoto wa nasari anajua. Mworia alijua. Ameona hivyo tangu azaliwe, na mara ngapi yeye mwenyewe ametumwa kukimbia kumwita mwenye kisu.

Lakini Jumamosi aliamka mapema, akatoka nje, akaona wingu jeusi limekalia vilima vya Nyambene. Akaanza kupiga hesabu za mtu mwenye hofu. Nyama ya dume ni ngumu, inataka moto wa muda mrefu. Watu wakija, wainue, wapate imeiva, wale, waendelee, mvua isiwakute katikati. Kila kitu kichwani mwake kilikuwa kinasema fanya sasa. Akaamsha vijana wawili wa kanisa, wakamlaza ng'ombe, Mworia akashika kisu. Hata aliomba kwanza. Alimshukuru Mungu kwa Kimeru, kwa sauti, macho amefunga. Halafu akakata.

Akina mama walipofika walikuta nyama imeshakatwakatwa, ngozi imetandazwa kwa ua. Wakadhani mtu wa Wario alikuja alfajiri. Hakuna aliyeuliza. Wakawasha moto, vitunguu vikaingia, harufu ikaanza kutembea mtaani kama imetumwa.

Ndipo Wario akaja na watu wake. Walikuwa wengi kuliko Mworia alivyoota. Wachungaji wa ng'ombe wenye vikoi na makubazi, vijana wa boda na majaketi yao, wazee wawili watatu ambao hawakuja kubeba, walikuja kutoa amri. Mworia akawakimbilia. Alitaka kumshika kila mmoja mkono. Akaanza na aliyekuwa mbele, mpwa wake Wario, kijana mrefu. Huyo kijana alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwa kitambaa safi, kirefu, chembamba.

Kilikuwa kisu.

Mpwa akasimama. Aliona ngozi kwa ua. Akaangalia sufuria. Nyuma yake watu wakasimama mmoja mmoja.

"Nani alichinja?" Wario akauliza. Hakupaza sauti.

Wale vijana wawili wakaangalia chini. Akina mama wakaangaliana, mwiko ukabaki hewani.

"Ni mimi," Mworia akasema.

"Ulisahau mimi ni nani?"

"Sikusahau, mzee. Niliona wingu nikaharakisha."

Mpwa akafyonya. Kijana mmoja wa stage, yule mwenye mdomo, akasema kumbe wameitwa kunusa. Wengine wakacheka kile kicheko kisicho na meno. Wawili tayari walikuwa wamegeuka kuelekea barabarani, na Mworia hangewalaumu. Mtu ametoa ng'ombe wake, bora zaidi kwa boma, ameleta watu wake kujenga nyumba ya ibada isiyokuwa yake, na nyama ya ng'ombe huyo huyo hawezi kuitia mdomoni. Hata adui hakufanyii hivyo, kwa sababu adui anafikiria kwanza. Mworia akafungua mdomo aombe msamaha, maneno yakatoka yote pamoja, hayana kichwa hayana mkia, akataja wingu, akataja shosho, akataja Mungu.

Wario akainua mkono.

"Huyu ng'ombe amekufa mara moja," akasema. "Usimuue tena na mdomo."

Akamwacha hapo. Akatembea mpaka kwa ukuta, akaupapasa na kiganja, vumbi la udongo likabaki vidoleni. Akaangalia Nyambene. Akamwangalia Shosho Kiende kwa kiti chake, naye shosho akamwangalia, wazee wawili wasio na haraka. Halafu akawageukia watu wake.

"Mvua haitauliza nani alishika kisu. Tuinue kwanza. Hasira tutakula baadaye, si hakuna kitu kingine ya kula."

Yule wa mdomo ndiye aliyecheka wa kwanza. Waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi wakijikuna shingo.

Shosho naye akagonga fimbo chini. Akawaambia akina mama waondoe kuni, sufuria ifunikwe. Kama wale hawajala, hakuna mshirika atakula, hata mtoto, hata pasta. Pasta Wainaina, ambaye hakuwa amekunywa hata chai, akasema amina kwa sauti ndogo.

Kazi ikaanza vibaya. Fundi alikuwa ameunda zile fremu chini, kila moja pembetatu kubwa ya mbao, na alitaka zipandishwe kwa kamba na nguvu. Moja, mbili, tatu, vuta. Lakini kila mtu alikuwa na moja mbili tatu yake. Fremu ya kwanza ikapanda nusu, ikalala upande, ikarudi chini na nusura imkate fundi miguu. Wachungaji wakaongea kwa Kiborana, haraka haraka. Wakamsogeza fundi kando, kwa heshima lakini wakamsogeza.

Kwao kule malishoni kuna visima vya kwenda chini sana. Ndoo haivutwi kwa kamba. Watu wanasimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine, wanapokezana maji mkono kwa mkono mpaka juu, na kinachopanga mikono ni wimbo. Anayechelewa wimbo unamwacha na maji yanamwagikia yeye. Sasa wakajipanga hivyo hivyo. Wengine chini, wengine kwa majukwaa ya fundi, wengine wamekaa juu ya ukuta wamening'iniza miguu. Mzee mmoja akaanzisha kwa sauti kavu, na wengine wakapokea. Fremu ikaondoka chini kama ndoo. Mkono huu ukaiacha wakati mkono ule umeshaishika. Ikapita kichwani kwa Mworia, nyepesi kabisa, na yeye alijua vile ilivyo nzito maana ndiye aliyepakua mbao zake kwa lori.

Alikuwa ametiwa katikati, kati ya mpwa wa Wario na yule wa mdomo. Mpwa hakumsemesha. Lakini wimbo haujui umekasirika na nani. Fremu ikija, mpwa anamsukumia, yeye anasukumia mwingine, mabega yanagusana, jasho linachanganyika. Maneno hakuyajua, akawa ananguruma tu. Akina mama wa kanisa, ambao hawakuwa na nyama ya kukoroga, wakaanza kupiga makofi, na Shosho Kiende akawa anajibia kwa Kimeru pale Waborana wakivuta pumzi. Hakuna aliyejua mwenzake anasema nini. Fremu zikaendelea kupanda.

Zilipofika nusu, watu wakakaa kivulini kunywa maji. Maji tu. Mworia akaangalia zile nyuso, midomo mikavu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamnung'unikia. Hiyo ilimchoma kuliko wangemtukana. Akawasha pikipiki, akaenda nyumbani.

Nyuma ya nyumba alikuwa na beberu. Alikuwa amemnenepesha kwa mkono wake, kwa majani ya kununua na maganda ya viazi, ampeleke kwa kina Kaari, binti ambaye Mworia alikuwa anataka kumwoa, siku ya kwenda kujitambulisha. Alimfungua bila kumwangalia usoni. Akamlaza mbele yake juu ya tangi la pikipiki, akaenda mpaka kwa hoteli ya Dokata, dadake Wario, pale karibu na njia panda.

Dokata alikuwa mlangoni anachambua mchele. Habari zilikuwa zimeshafika. Burat habari hazipandi boda, zinatangulia.

"Wewe ndiye yule wa kisu," akasema.

"Ni mimi, mama."

Akamwangalia beberu. "Na huyu umemleta akiwa hai. Umeendelea."

Mworia akazima pikipiki. Akamwambia anaomba mtu wa kumchinjia, na sufuria zake yeye Dokata, na mchele, na kama kuna maziwa ya ngamia, kila kitu atalipa kidogo kidogo, maana watu wa Wario wako na njaa kwa sababu yake. Dokata akamwacha aongee mpaka akaishiwa. Halafu akauliza mbuzi alikuwa wa nini, kwa maana mbuzi wa kawaida hanoni hivyo. Mworia akasema ukweli.

Dokata akaacha kuchambua. Akaweka ungo chini.

"Basi Kaari atangoja," akasema. "Kama hawezi kungojea kitu kama hiki, bora ujue sasa."

Akaita mtu wa jikoni. Bismillahi ikasemwa, kazi ikafanyika, na Mworia akasimama pale akashika miguu ya nyuma, kisu hakukigusa.

Nyama ilipoiva akarudi, na fremu ya mwisho ilikuwa inakaa mahali pake, fundi anaigongea misumari, na watu juu ya ukuta wanapiga mluzi. Dokata akafika nyuma yake kwa tuktuk, sufuria zinatoa moshi, dumu la maziwa katikati ya magoti. Akateremka akitangaza kila kitu bila kuulizwa: mbuzi ni wa nani, alikuwa wa nani, binti anaitwa nani. Mworia alitamani ardhi ipasuke.

Akachukua birika na beseni, akaenda kuwanawisha watu mikono. Akaanza na Wario. Mzee akanyoosha mikono, maji yakapita, akawa anaiosha polepole kama mtu anayefikiria kitu kingine.

"Sasa kwa wakwe utapeleka nini?" akauliza. "Cheti cha kuchinja?"

Vijana wakaanguka kwa kicheko, na mpwa naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaonyesha meno. Mworia akacheka pia. Macho yalikuwa yanamuwasha, akasingizia moshi.

Halafu Wario akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa akina mama. Ile sufuria ifunuliwe. Yeye alileta dume liliwe, hakulileta lioze. Watu wa kanisa wale ng'ombe wake, na yeye na watu wake watakula mbuzi wa huyu kijana, na Mungu anajua kuhesabu. Pasta akaomba, kwa ufupi, mpaka watu wakamwangalia kama ni mgonjwa. Mzee mmoja wa Kiborana akasoma dua yake. Amina na amin zikagongana.

Wakala kwa mioto miwili, lakini uwanja ulikuwa mmoja, na maziwa ya ngamia yalizunguka kote bila kuuliza dini ya mtu. Mbuzi hakuwatosha watu wote wale, ni mchele uliomsaidia. Hakuna aliyelalamika. Yule wa mdomo alisema huyu mbuzi amelelewa vizuri kuliko yeye. Mworia alipitisha sahani, akaongeza chai, akakusanya mifupa, na kila alipotaka kusema asante aliona neno ni dogo, akaongeza chai tena.

Mvua yenyewe haikunyesha siku hiyo. Lile wingu lilikaa juu ya Nyambene mpaka alasiri, halafu likaenda Meru, vile linavyofanya siku zote.

Watu walipomaliza kula, Wario akamwendea Shosho Kiende, akamuuliza ndani huwa anakaa wapi. Shosho akaonyesha na fimbo, mbele kidogo, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Mpwa akashika kiti upande mmoja, Mworia upande wa pili, wakamwinua akiwa amekaa hivyo hivyo na fimbo mapajani. Wakamvusha mlango. Ndani vivuli vya fremu vilikuwa vimelala sakafuni, na mwanga wa jioni katikati. Wakamweka.

Shosho akainua uso, akaangalia mbao moja moja mpaka mwisho, kama mtu anayeangalia watoto waliorudi kutoka shule kama wote wako. Alichukua muda. Halafu akamshika Wario mkono kwa mikono yake miwili.

"Galatoma," akasema, asante ya Kiborana, na sijui alikuwa amejifunza lini.

Wario akainamisha kichwa. Akajikohoza. Akageuka akaangalia yale mabati yaliyorundikwa mlangoni, akaangalia jua, akamuuliza fundi misumari ya mabati iko wapi, kwa sababu mwanga bado uko.